Mufalme kando ya mutaro

Leo, siku ya Kristo Mufalme, tulimuondoa Yesu kwenye barabara.

Bon, niwaelezee.

Kila mwaka sisi wamama wa parokia tunatandika liputa zetu, vitenge vya kujifunga, chini kwenye barabara, padri apite juu yake na Sakramenti. Mimi nilitandika liputa ya marehemu mama, ile nilikuwa natunza tangu tulimuzika kule Yanonge.

Padri alibakiza hatua kidogo tu afike.

Halafu king'ora. Jeep tatu za mukubwa fulani, mbio.

Askari akapiga kelele: "Mutoke! Mukubwa anapita!"

Tukatoka wote. Padri akarudi nyuma mupaka kwenye mutaro, Sakramenti kwenye kifua. Jeep zikapita juu ya liputa ya mama.

Hiyo ningeweza kuvumilia.

Lakini mukononi nilikuwa na kitambaa nyeupe ya kupungia Yesu. Jeep ya kwanza ilipofika, mukono ikajiinua yenyewe. Nikapunga. Nikacheka hata na meno. Yesu alikuwa nyuma ya mugongo yangu.

Nimefua liputa mara tatu. Alama ya pneu ya jeep haitoke.

Muniambie: mufalme wetu ni nani?

Na tafazali, musiniandikie "Amen" hapa chini.