Barua Isiyo na Jina Yenye Amina Tatu

Siku bosi alipopanda juu ya kreti na kuanza kusoma sala yangu kwa sauti, nilijua nimekwisha.

Sala yangu mwenyewe!

Na barua yenye sala hiyo niliituma kwa njia ambayo mwalimu wangu wa kompyuta alinihakikishia hakuna atakayejua imetoka kwangu.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Nina miaka hamsini na miwili. Nabandika lebo kwenye chupa za maji kiwandani, mwaka wa kumi na moja huu. Jioni nasoma darasa la kompyuta. Shule niliiacha nikiwa mtoto, na kwa miaka mingi nilimwomba Mungu anirudishe, hata kwa mlango wa nyuma. Akanirudisha. Nakaa dawati la mbele, miwani puani, na mwalimu ni rika la kitinda mimba wangu.

Kiwandani wananiita Mama Sala. Kila ujumbe ninaotuma kwenye kundi letu la simu, hata wa kuuliza nani kachukua mkasi, naumaliza hivi: "Mungu awatangulie, awafuate, awazunguke. Amina, amina, amina."

Fundi wa mashine ndiye aliyeanza kuniiga kwa mzaha.

"Nachelewa, tairi limepasuka. Mungu awatangulie, awafuate, awazunguke. Amina, amina, amina."

Kundi zima likacheka. Niliumia, lakini nikamwombea.

Basi, chujio la maji likafa.

Bosi akasema tujaze moja kwa moja kutoka bombani, vipuri viko njiani. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili nayo. Na mimi nabandika tu: MAJI SAFI NA SALAMA.

Nikamfuata ofisini.

"Bosi, haya maji hayajachujwa."

"Mama Sala, kazi yako ni gundi. Au umeichoka?"

Nikarudi kwenye gundi.

Wiki ya tatu mjukuu wa jirani yangu akalazwa, tumbo. Nilipokwenda kuwapa pole, nikaona chupa yetu mezani. Lebo imenyooka vizuri kabisa. Mkono wangu ule.

Sikujua kama ni maji yetu yaliyomuumiza. Lakini siku ile nilishindwa kusali. Midomo ilikataa.

Jioni nikamuuliza mwalimu, "Mwanangu, mtu anaweza kusema jambo bila kujulikana ni nani?"

Hakuniuliza kwa nini. Alichukua bahasha tatu, akaziweka moja ndani ya nyingine.

"Kuna kivinjari kinachofunga ujumbe hivi, mama. Unapita kompyuta moja hadi nyingine, kila moja inafungua bahasha yake tu. Ya kwanza inakujua wewe, haijui unakokwenda. Ya mwisho inajua unakokwenda, haikujui wewe."

"Na ya katikati?"

"Ya katikati haijui chochote. Inapokea, inapitisha."

Akaniambia pia kuna kurasa ambazo kivinjari cha kawaida hakizifungui kabisa. Gazeti moja lina sanduku lake la siri la kupokea barua huko.

"Si ndiko wanakouza madawa na silaha huko?" Nilishtuka.

"Ni njia tu, mama. Mwizi anapita, na mcha Mungu anapita."

Nikaomba kimoyomoyo. Nikakaa kwenye kompyuta ya darasa, nikaandika yote: chujio, bomba, lebo, wiki tatu. Jina sikuweka. Kiwandani tuko watu thelathini na wanane, nani atanijua?

Nikabonyeza tuma. Usingizi wa siku ile, acheni tu.

Siku nne baadaye wakaguzi walifika na kuifunga mashine mpaka chujio jipya liwekwe. Nikasema asante Mungu.

Kesho yake bosi akatukusanya, gazeti mkononi.

"Mmoja wenu kaandika haya. Na leo hii anaondoka."

Gazeti lilikuwa limechapa barua yangu yote. Mpaka mkia.

"Mungu awatangulie," bosi akasoma taratibu, "awafuate, awazunguke. Amina, amina, amina."

Jamani! Mkono uliandika wenyewe kwa mazoea, wala sikuona!

Bosi akanitazama. Nikafumba macho.



Kisha fundi wa mashine akaangua kicheko. "Bosi, si tunaandika hivyo sote?"

"Sote nani?"

"Fungua kundi."

Bosi akatoa simu. Dereva, amina tatu. Mtunza stoo, amina tatu. Mfagizi, dada wa mapokezi, wote. Mzaha umegeuka mazoea bila mtu kujua.

"Pandisha ujumbe juu kidogo," fundi akasema. "Jumanne iliyopita."

Bosi akapandisha. Akasoma. 

"Kesho wote saa moja kamili. Mungu awatangulie, awafuate, awazunguke. Amina, amina, amina."

Ujumbe wake mwenyewe.

Akashuka kwenye kreti. "Rudini kazini."

Fundi akanipita karibu, akaninong'oneza, "Mama, ukiandika tena, amina ziache nyumbani."

Kumbe alijua.

Nilipomsimulia mwalimu alishika kichwa, kisha akacheka. "Hata njia ile iko hivyo hivyo, mama. Ukipita peke yako, umeonekana. Wanaokuficha ni wengi wanaopita pamoja nawe."

Ndugu zangu, ukificha njia, chunga na ulimi. Na wanaokucheka usiwalaani. Waombee. Mimi walinifunika wao.

Ningewaaga kwa ile sala yangu, ila fundi amenikataza.