Zamu Yangu ya Simu

Mume wangu alipokwenda Kongo na kikosi cha kulinda amani, nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Aliniacha kwa wazazi wake, kijijini Sepuka, kwa sababu alisema chumba chetu cha kupanga Singida mjini hakifai mwanamke mjamzito kukaa peke yake. Nilikubali. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na bado nilikuwa mtu wa kukubali mambo.

Usiku wa kuamkia safari nilimwambia neno moja tu: mtoto akiwa wa kike, nataka apewe jina la mama yangu. Mama alinifia nikiwa darasa la tano, kwetu Iramba, na sikuwa na kitu chake hata kimoja, hata kanga. Mume wangu alicheka, akasema tutaona. Basi nikabaki na hilo tutaona lake.

Redioni waliiita kazi ile ulinzi wa amani. Mimi niliyemwona akifunga kofia ya chuma kwenye begi niliiita vita, na mpaka leo naiita hivyo.

Alikuwa akipiga simu Jumapili, kwa baba yake. Kile kitochi cha mkwe wangu, kilichofungwa mpira ili betri isidondoke, kilishika mtandao kwenye pembe moja tu ya zizi la ng'ombe. Tukitoka kanisani tulisimama pale na nguo zetu nzuri, tukikanyaga samadi, tukisubiri. Kila wiki namba ilikuwa ngeni, na ukiipigia baadaye haipatikani. Na simu ilikwenda kwa umri. Kwanza baba mkwe, kisha mama mkwe, kisha shangazi wa mume wangu, mjane aliyekuwa akiishi pale na aliyeona ni lazima askari aliye vitani ajue kuku gani ameatamia. Mimi nilikuwa wa mwisho. Mara nyingi nilipewa simu ikiwa imeshakatika, nikawa nasema haloo, haloo, na ng'ombe wananitazama.

Binti yangu alizaliwa wakati wa kupalilia alizeti. Mkwe wangu alimbeba, akamtazama vizuri, akasema, "Jina atalitoa baba yake."

"Basi baba, naomba mumuulize Jumapili."

"Jina haliulizwi kama bei ya kuku, mwanangu."

Miezi ikapita. Nyumbani tulimwita Kadogo. Kliniki, kwenye kadi yake, mahali pa jina palikuwa peupe. Siku moja nesi aliinua ile kadi juu mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye benchi. "Huyu mtoto anakaa sasa, ana meno mawili, hana jina? Mnamlea au mnamfuga?" Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikalia njia nzima, mtoto mgongoni anachezea nywele zangu.

Kuna Jumapili moja ambayo nimeirudia kichwani mara nyingi. Mkwe wangu alikuwa ameshika simu, anazungumza na mwanawe kwa Kinyaturu, anacheka. Ghafla akaacha kucheka. Akasikiliza kwa muda mrefu, akinipa mgongo. Kisha akasema neno moja ambalo hata mimi Mnyiramba nililielewa, kwamba tutaona, akampa mama mkwe simu. Siku ile nilidhani wamezungumzia ng'ombe.

Mara moja tu alinipigia mimi mwenyewe. Ilikuwa siku ya kazi, nipo shambani, namba ngeni inaita kwenye simu yangu ndogo. Ilikuwa sauti yake. Mtu mwenye akili angesema nimekukumbuka. Mimi nilianza kumsomea mashitaka. Kwamba ananipigia leo kwa sababu gani, ameugua? Kwamba miezi kumi na moja nimesikia sauti yake mara nne. Kwamba mtoto wake ananing'inia bila jina kama mbuzi wa mnadani.

"Nisikilize mke wangu. Kuhusu mtoto, baba nilisha..."

"Baba! Baba! Kila kitu baba! Si ungemuoa baba yako?"

Nikamkatia simu. Niliikata kwa kidole changu hiki. Nikasimama katikati ya alizeti nikijisikia mshindi, nasubiri apige tena ili nimnunie. Hakupiga.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Jumatano, mchana, tukiwa tunapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo uani, lilikuja gari la jeshi. Wakashuka watatu, mmoja akavua kofia. Mama mkwe alikaa chini juu ya zile mbegu kabla hawajasema neno. Sitaki kuandika zaidi kuhusu siku hiyo, wala kuhusu jeneza na bendera. Wengine wameyaandika hayo vizuri, na wengi wao hawakuwahi kufiwa na askari.

Tulipomaliza matanga, mkwe wangu alikusanya ukoo. Akampakata Kadogo, akatangaza kwamba kuanzia leo anaitwa jina la mama yake yeye mzee, yaani bibi mzaa baba wa mume wangu. Hakusema jina lile limetoka kwa nani. Mimi ndiye niliyejijazia. Nilijua anayetoa jina ni baba wa mtoto, basi nikaamini ndilo alilotaka kuniambia siku ile nilipomkatia simu. Kwamba alimkataa mama yangu. Niliumia, lakini jina lilikuwa limetoka kinywani mwa mume wangu, na hakuwa na kingine cha kutuachia. Nilipiga magoti mbele ya mkwe wangu nikamshukuru. Mtoto akabatizwa, cheti cha kuzaliwa kikatoka, nesi akajaza pale peupe.

Mwaka uliofuata alikuja mwenzake mume wangu, askari aliyelala naye hema moja. Alileta saa ya marehemu na picha mbili. Alimwamkia mzee shikamoo, akaketi, akapewa togwa. Kadogo alikuwa anacheza na mabunzi ya mahindi mlangoni. Yule askari akamtazama, uso ukamfunguka, akamwita kwa jina la mama yangu.

Mtoto hakugeuka. Akaita tena, kwa upole.

"Shemeji, si ndiye huyu?" akaniuliza. "Mbona haitiki? Marehemu alimtaja kila siku kwa jina hilo. Siku ile alikupigia kwa simu yangu. Alirudi anacheka, akasema, mke wangu kanikatia, ana hasira kweli kweli. Akasema jina hilo yeye alishamwambia baba yake tangu zamani, ila anaona mzee hajalipenda. Akasema atakupigia hasira zikiisha."

Nilimtazama mkwe wangu. Alikuwa anazungusha kikombe cha togwa mkononi, anatazama ndani yake.

"Mwanajeshi," akasema, "ongeza togwa."

Nilimchukia. Namchukia, na nampikia, na asubuhi namwamkia, naye anaitikia marahaba. Lakini kuna siku chuki inakosa pa kukaa kwake, inarudi kwangu, kwa sababu yeye alilificha jina lile, na mimi nililetewa hadi sikioni nikalikata.

Binti yangu sasa anasoma darasa la kwanza, anajua kuandika jina lake lote, lile la kwenye cheti. Tukiwa wawili shambani, mara nyingine namwita lile jingine, taratibu, kujaribu tu. Huacha jembe, akainua kichwa, akatazama njiani kuona ni nani anayekuja.