Hatamu Aliyobaki Nayo Beyshen

Asubuhi hizi farasi wa kijiji chetu wanakunywa maji kimya. Zamani, kabla jua halijafika kwenye mapaa ya upande wa mto, ulisikika mluzi. Haukuwa wimbo, ilikuwa pumzi tu iliyopitishwa kati ya meno, ndefu, ikishuka mwishoni. Beyshen alisimama majini hadi vifundoni, akaupiga, na farasi wakainamisha vichwa wakanywa mpaka wakatosheka. Baadhi yetu tumejaribu. Farasi hututazama, masikio yamesimama, hunywa kidogo wakaondoka.

Beyshen ndiye aliyekuwa akipelekewa farasi walioshindikana: mwenye kung'ata, mwenye kukataa tandiko, mwenye kuogopa daraja. Aliingia zizini, akampa farasi mgongo, akakaa hapo akichonga kijiti mpaka mnyama mwenyewe aje kumnusa. Hakumtazama machoni.

"Anayekukodolea macho ni mbwa mwitu," alisema. "Hata wewe ungekimbia."

Kisha alimkuna pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi hukunana wao kwa wao kwa meno, huku akipumua polepole, hadi pumzi ya farasi ikaifuata yake.

Toru, farasi wake mwenyewe, Beyshen alimpata akiwa mtoto wa miezi michache. Mbwa mwitu walimuua mama yake juu kwenye malisho ya kiangazi, na asubuhi mtoto alikutwa kando ya mabaki, anatetemeka, hataki kuondoka. Beyshen alikata singa za shingo na mkia wa yule jike, akazisokota hatamu ya kamba. Alipomvisha mtoto, kichwa kile kilishuka. Toru akakua, na hatamu ikarefushwa kwa singa zilezile zilizobaki. Akawa farasi wa rangi ya kahawia, mwenye mwendo laini wa kutomwaga chai bakulini. Mara moja tu hatamu ilivuliwa ili ioshwe, na siku hiyo Toru aliruka ua kwa sababu ya shati lililoanikwa. Beyshen aliliona hilo. Hakumwambia mtu, farasi alikuwa wake na shati lilikuwa lake.

Halafu Seyilkan akaja kumtaka Toru. Alikuwa mjane wa binamu yake mkubwa, kwa hiyo shemeji yake, na kwetu mashemeji hutaniana mpaka kaburini. Magoti yalikuwa yanamuuma, naye hakutaka kupelekwa malishoni nyuma ya lori kama gunia la unga.

"Nipe yule wa kahawia, shemeji," alisema. "Nitakupa mitamba wawili, na mmoja ana sura nzuri kuliko ya mkeo, Mungu amrehemu."

"Mke wangu alisema hivyohivyo juu yako."

Walipeana mikono langoni, majirani tukashuhudia. Sasa, mtu wa kwetu akiuza farasi, hatamu habaki nayo mnunuzi. Muuzaji huivua na kurudi nayo nyumbani, kwa sababu baraka ya mifugo imeshika pale. Ukiitoa, umetoa na farasi watakaozaliwa. Majira ya baridi yaliyopita Beyshen alikuwa amepoteza majike wawili, na yule mmoja aliyebaki alikuwa na mimba. Akasimama mbele ya Toru, mkono kwenye shavu la mnyama, kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaivua, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya koti.

Seyilkan akafunga kamba yake mpya. Toru akainua kichwa, weupe wa macho ukaonekana.

"Mbona ananitazama kama mkwe niliyemnyima nyama?" aliuliza Seyilkan.

"Atazoea," alisema Beyshen.

Neno hilo moja.

Hawakufika hata kwenye malisho. Penye daraja palikuwa na rundo la nyasi lililofunikwa karatasi ya plastiki, na upepo ukaipiga. Toru alizunguka mahali pamoja, akaruka, na Seyilkan akaanguka juu ya mawe. Nyonga ikavunjika. Alibebwa hospitali ya mjini, akarudi wakati wa kuvuna viazi akiwa na magongo mawili, na daktari alimwambia asiwaze tena tandiko.

Hakuna aliyemlaumu Beyshen. Hilo ndilo lililomla. Alimpelekea mgonjwa paja la kondoo lililochemshwa, akaketi ukingoni mwa godoro kofia yake ya sufu ikiwa magotini, na wanawake waliokuwa mle wakamfariji yeye.

"Farasi ni mnyama, kaka," walimwambia. "Ungejuaje?"

Alikunywa chai yao. Seyilkan alimtania kwamba sasa wana miguu minne, yeye na magongo yake, na anaweza kushindana mbio. Beyshen alicheka pamoja na wengine. Alipotoka nje, alisimama nyuma ya ukuta wa zizi, akakunja uso kama mtu aliyeungua. Mara tatu alikwenda kumtazama mgonjwa, na kila mara hatamu ilikuwa ndani ya koti lake, na kila mara akarudi nayo.

Baridi ilipoingia, wakati wa kuchinja farasi kwa akiba ya nyama, Kubat, mtoto wa Seyilkan, alitangaza kwamba Toru atachinjwa.

"Soseji haimwangushi mtu," alisema.

Asubuhi hiyo tulikuwa wanaume sita uani kwao. Toru alikuwa amefungwa kwenye nguzo, jasho linamtoka kwenye baridi ile, shingo imechubuliwa na kamba. Kila aliyesogea alirudishwa na kwato. Mmoja wetu alikwisha kupigwa begani. Seyilkan alikuwa ameketi mlangoni, amejifunika blanketi. Alitaka kuona mwisho wake.

Beyshen alifika kwa miguu.

"Legezeni kamba," alisema.

"Umekuja kumbembeleza afe usingizini?" aliuliza Kubat. "Sogea, mzee wangu, tuna kazi."

"Legeza, Kubat."

Kubat alilegeza. Beyshen akampa Toru mgongo, kama alivyokuwa akifanya, akasimama pale kati ya farasi na sisi, kwa hiyo sisi ndio tulioutazama uso wake, nao ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akapitisha mluzi kati ya meno. Farasi alikoroma, akatulia, akakoroma tena. Ndipo Beyshen alipotia mkono ndani ya koti akaitoa hatamu.

Mtu mmoja alisema, "Hapana, Beyshen." Jike la Beyshen lilikuwa halijazaa bado.

Beyshen aliinua ile kamba begani, bila kugeuka, na Toru akanyoosha shingo akainusa. Alivuta pumzi ndefu. Beyshen akageuka polepole, akaipitisha juu ya pua, nyuma ya masikio, akafunga. Kichwa kikashuka mpaka paji la uso likagusa kifua cha koti. Mguu mmoja wa nyuma ukapumzika kwa ncha ya kwato. Hakuna aliyekuwa na la kufanya na kisu.

Kubat ndiye aliyeelewa kwanza.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mkono wangu ukiwa bado ndani ya mkono wa mama yako."

Tulitazama chini. Ilikuwa vigumu kumtazama mtu aliyezeeka mbele yetu akisimama hivyo, na farasi amemwegemea kana kwamba hakuna kilichotokea. Seyilkan aliyapanga magongo yake kwenye paja, moja juu ya jingine.

"Uliniletea nyama," alisema. "Mara tatu. Ungeniletea hatamu hiyo."

"Ndiyo, shemeji."

"Si baada ya kuanguka. Kabla."

"Ndiyo."

"Na ulicheka nilipotania."

Beyshen alivua kofia yake.

"Kubat, weka kisu," alisema Seyilkan. "Chinja yule farasi mweusi. Na wewe ingia, chai imewiva."

Kukataa mkate wa nyumba ni tusi, kwa hiyo Beyshen alipanda ngazi, akamega kipande kidogo kilicholetwa mlangoni, akakigusa kwa ulimi. Hakuvuka kizingiti. Alirudi alikotoka, mkono mmoja umeshika kifua cha koti, mahali ambapo sasa hapakuwa na kitu.

Jike lake lilizaa salama wakati theluji ilipoyeyuka, mtoto mzuri mwenye nyota usoni. Watu walimletea habari hiyo kama msamaha. Yeye aliwagawa wote wawili kwa wajukuu, na aliyemletea farasi mwenye hofu alimwambia amtafute mtu mwingine. Hakuna aliyemfukuza. Tulimsalimu vizuri mno, na nadhani aliusikia uzuri huo.

Toru yuko kwa Seyilkan. Hapandwi na mtu mzima. Huvuta reki wakati wa kukusanya nyasi, hatamu ya singa kichwani. Beyshen anaishi mjini Naryn kwa binti yake, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.