Lusiola Niliouruka

Nilipokuwa mtoto wa darasa la saba, miaka ya sitini, usingizi ulinikimbia. Mtihani wa kuingia sekondari ulikuwa umebakiza wiki tatu, kichwa kiliniuma kutwa, na mwalimu alikwisha kusema kwamba nisipopata nafuu ataliondoa jina langu kwenye orodha ya watahiniwa. Nyanya yangu Nafula, ambaye sisi Wasamia tulimwita Kukhu, hakutaka habari za aspirini.

“Huyu ataoshwa na msitu,” alisema.

Msitu wenyewe ulikuwa kipande kidogo kando ya Mto Sio, upande wa Busia. Watu wetu waliamini kwamba kila mti wa njiani lazima usalimiwe kwa jina, la sivyo njia itajifunga. Tuliingia asubuhi, miguu mitupu, Kukhu mbele. Aliusalimu mvule, akausalimu mkuyu. Nilimfuata nikinong’ona kwa aibu, kwa maana shuleni tuliambiwa hayo ni mambo ya washenzi. Tulipofikia lusiola mmoja mwembamba, mti wa kukatia nguzo tu, niliupita kimya.

Wakati wa kurudi akanitanguliza. Nilikipita kichuguu kile kile mara tatu, njia nisiione.

“We msomi,” Kukhu akacheka, “darasani kwenu hamwitwi rejista?”

“Tunaitwa, Kukhu.”

“Basi hapa umemruka nani? Keti mpaka umkumbuke.”

Niliketi, nikaegemea shina lililokuwa nyuma yangu. Nilisikia maji ya Sio, nikasikia njiwa, nikavuta harufu ya majani mabichi. Kisha sikusikia kitu. Nilipoamka jua lilikuwa utosini, na Kukhu alikuwa bado ananifukuzia nzi kwa kijiti. Maua ya manjano yalikuwa yameanguka kwenye shati langu. Nikainua macho: nilikuwa nimeuegemea ule mti mwembamba niliouruka.

“Mulembe, lusiola,” nikausalimu.

Njia ilikuwa pale pale, nyuma ya shina.

Usiku ule nililala, na usiku uliofuata. Mtihani nilifaulu.

Mjukuu wangu ananiambia kwamba siku hizi, katika nchi za mbali, watu hufundishwa kuingia msituni na kutulia. Vizuri, wamechelewa kidogo. Kama njia hujifunga, mimi sijui. Najua kwamba mwanamke asiyejua kusoma alijua dawa yangu, na kwamba katika miaka yangu yote ya ualimu sikuruka jina hata moja kwenye rejista, hasa la wale wembamba wanaokaa nyuma.