Kikombe cha Mleta Mgeni

Mume wangu Alfredi ni dereva. Dereva aliyeacha pombe unamwangalia kama uji ulio motoni. Ukigeuka kidogo tu, umefurika. Nimemwangalia hivyo miaka mingi, na nimechoka, lakini sijui kuacha.

Alianza kazi akiwa kijana, akiendesha lori la chama cha ushirika, akitoa korosho vijijini kupeleka Mtwara. Watoto wa njiani waliijua honi yake. Kisha soko huria likaja. Wanunuzi binafsi wakaingia na magari yao na madereva yao, na lori la ushirika likaegeshwa nyuma ya ghala mpaka majani yakaota kwenye magurudumu. Alfredi aliendelea kwenda pale kila asubuhi kulifuta vumbi. Mlinzi alipomwambia aache kuja, ndipo alipoanza kunywa.

Sitasema mengi juu ya wakati ule. Siku moja aliazima pikapu ya mtu, akawapakia waombolezaji waliotoka mazikoni, naye alikuwa amelewa. Akaitumbukiza korongoni. Hakufa mtu. Ila Anjelina, jirani yetu hapa Mkomaindo, Masasi, anachechemea mpaka leo, na akipita mbele ya nyumba yetu Alfredi huingia ndani. Tangu siku ile hakugusa tone. Hakuapa kanisani wala hakumwambia mtu. Aliacha tu, akawa kimya.

Alikaa bila kazi mpaka watu wakasahau kwamba aliwahi kuwa dereva. Mimi nilikaanga vitumbua nikauza karibu na hospitali, tukala hivyo. Kisha Mwalimu Cuthbert alistaafu, akanunua Landrova kuukuu ya kukodisha. Alikuwa amemfundisha Alfredi darasa la tatu, akamhurumia. Siku ya kumkabidhi ufunguo alisema mbele yangu, "Siku nitakayosikia harufu, Alfredi, utauacha ufunguo huu mezani na hatutagombana."

"Ndiyo, Mwalimu," Alfredi akasema.

Basi, msimu wa mabibo mmoja, akaja mgeni kutoka Dar es Salaam. Jina lake Bwana Emmanuel, mwenye kampuni inayoingiza mvinyo wa nje na kuuza kwenye mahoteli. Alikuwa amesikia habari za uraka wetu, ule unaokamuliwa kwenye mabibo ya korosho na kuachwa uchachuke, akataka kujua kama unaweza kutiwa kwenye chupa na kuitwa mvinyo. Alikodi gari la Mwalimu kwa siku nzima, yeye peke yake: kutoka Masasi, kupitia Lupaso, kupanda hadi Newala, kuonja kila mahali, na kurudi kabla ya jua kuzama.

Mwalimu alifurahi. Mimi sikulala. Asubuhi nilikwenda kwake nimejifunga khanga safi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Theodora. Nawe unasafiri?"

"Mgeni hawajui akina mama wanaokamua. Mimi nawajua. Nimwonyeshe."

Mwalimu aliitazama khanga yangu. Hakuwa mjinga. "Panda," akasema.

Alfredi alikuwa anapima maji ya rejeta. Alisikia yote, hakugeuka.

Sasa, kuna jambo ambalo Bwana Emmanuel hakulijua, nami nililijua vizuri mno. Huku kwetu mgeni hapewi kikombe moja kwa moja. Mwenye pombe huonja kwanza, watu waone hakuweka kitu. Kisha kikombe huenda kwa mleta mgeni, ili akubali kwamba amemleta mahali salama. Ndipo mgeni hunywa. Mleta mgeni akikataa, ni sawa na kumwambia mwenye nyumba kuwa ni mchawi. Na mtu anayekuja na gari, mleta mgeni wake ni dereva.

Lupaso tulifika kwa Yuliana, ambaye nilisoma naye shule ya misheni mpaka darasa la nne. Mabibo mekundu na ya njano yalikuwa yamelundikwa chini ya mikorosho, nyuki wamejaa, na kinu cha kukamulia kilikuwa bado kimelowa. Yuliana alichota uraka kwa kata, akajaza kikombe cha bati, akaonja, akamnyooshea Alfredi.

Nikaingiza mkono wangu katikati. "Lete. Mleta mgeni ni mimi."

Yuliana akacheka. "Toka lini wewe unaendesha gari?"

"Naendesha anayeendesha."

"Haya, mama wa gari." Akanipa. Nikanywa. Ulikuwa wa jana, mtamu kwa mbele na mkali kwa nyuma. Alfredi alikuwa ameinamia gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Bwana Emmanuel akapokea kikombe. Alikizungusha, akakinusa, akavuta kidogo mdomoni, akasukutua kama mtu anayesafisha meno asubuhi. Kisha akatema kwenye ndoo ya plastiki aliyokuja nayo.

Yuliana alisimama na kata mkononi. "Mama Theodora," akaniita taratibu, "huyu mtu amenitemea?"

"Ana vidonda vya tumbo," nikasema haraka. "Daktari amemkataza kumeza."

"Sasa anatafuta nini kwenye uraka?"

"Ladha tu."

"Ladha bila kumeza." Akamtazama mgeni tangu kichwa mpaka viatu. "Mke wake ana kazi."

Bwana Emmanuel, ambaye hakujua kama anasemwa, alikuwa anaandika na kutabasamu. Akaomba kikombe cha pili, cha uraka wa asubuhi ile, alinganishe. Yuliana akaonja tena. Nami nikanywa tena, kwa sababu kikombe kipya ni kikombe kipya.

Chini ya mlima, kabla ya kuanza kupanda, tulisimama kwa mzee mmoja mjane, Petro, anayekamua mwenyewe tangu mkewe afariki. Uraka wake ulikuwa mkali, wa siku mbili, unakaribia kuwa siki. Akamwelekea Alfredi. Nikaingiza mkono. Mzee Petro akasema, "Dereva huyu ana mkono wa kike?"

"Ana mke," nikamjibu.

"Naona. Mimi wangu hakuwahi kuninyang'anya kikombe, Mungu amrehemu. Alininyang'anya mfuko tu."

Mgeni alipotema, nilisimulia tena vidonda vya tumbo. Mzee Petro alimpa pole na kumshauri mizizi fulani. Aliichimba hapo hapo nyuma ya nyumba, na Bwana Emmanuel akaipokea kwa heshima bila kujua anatibiwa nini.

Landrova ilianza kupanda. Nilikaa nyuma, nimeshika chuma kwa mikono yote miwili. Sijazoea pombe; divai ya komunyo ndiyo pombe yangu. Masikio yalikuwa yananivuma. Nilikitazama kisogo cha Alfredi. Kilikuwa kimetulia, na kila kona aliipiga honi mapema, kama zamani. Nikafikiri, hata nikianguka nitakuwa nimeanguka mimi. Kumebaki nyumba moja.

Nyumba hiyo moja ilikuwa ya Shangazi Agatha. Ni dada wa baba yake Alfredi, na ndiye aliyemlea. Uraka wake unajulikana Newala nzima, na Bwana Emmanuel alikuwa ametajiwa jina lake tangu Dar es Salaam, hivyo hapakuwa na njia ya kumpita. Alitandika mkeka upande wenye upepo wa bondeni. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akaleta kikombe, akaonja, akakipeleka kwa Alfredi.

Nikaingiza mkono. Shangazi akaupiga kofi, si kwa nguvu, kama unavyompiga mtoto anayedokoa nyama.

"Kaa chini, mke wa mwanangu. Macho yako yamekuwa mekundu kama bibo."

"Shangazi, mimi ndiye niliyemleta mgeni."

"Wewe umeletwa. Nimemlea huyu kwa mikono hii, nije niambiwe hapokei kikombe changu mbele ya wageni? Majirani wanaangalia."

Kweli walikuwa wanaangalia, kwenye ua wa miti. Nilitaka kusema juu ya pikapu, juu ya Anjelina, juu ya Mwalimu na meza yake. Shangazi aliyajua yote hayo. Kwake kikombe chake hakikuwa pombe, kilikuwa kikombe chake. Alfredi alinyoosha mkono akakipokea. Hilo nililiona. Alikishika kwa mikono miwili, akakiangalia ndani. Nami nikaketi mkekani nimtazame vizuri, na upepo ule wa bondeni ulikuwa baridi usoni.

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limehamia upande mwingine.

Alfredi na mgeni hawakuwapo. Walikwenda ukingoni kuangalia bonde. Shangazi alikuwa anaosha vikombe. Kile alichopewa Alfredi kilikuwa juu ya kinu, kimefunikwa kifudifudi, kikavu.

"Shangazi," nikasema, na ulimi ulikuwa mzito. "Alikunywa?"

"Alipewa."

"Alikunywa?"

"Kilirudi kitupu. Mimi naosha vikombe, sichungulii koo za watu. Wewe uliyekuja kuchungulia umelala." Kisha akaniletea maji ya kunawa, na maji Newala huchotwa mbali, si kitu cha kumpa mtu ovyo. "Nawa. Umechoka, mwanangu. Si leo tu."

Tulianza kurudi. Bwana Emmanuel alikuwa amejaza uraka kwenye chupa zake za kioo na kuzifunga vizibo imara. Shangazi alimwambia uraka haufungwi, una pumzi. Akajibu kwamba alisomea kazi hiyo. Zilipangwa kwenye kreti karibu na miguu yangu. Nilimtazama Alfredi kwenye kioo cha dereva, nikitafuta macho yake. Alikuwa anaangalia barabara. Ukimya wake ulikuwa ule ule wa kila siku, na mtu ambaye hasemi akiwa mzima huwezi kumjua akiwa amelewa.

Tulikuwa katikati ya mteremko, kwenye kona yenye korongo upande wa kushoto, chupa ilipopasuka.

Ililia kama gurudumu lililopasuka. Vioo viliruka, uraka ukanimwagikia kuanzia kifuani, ukampata Alfredi kisogoni, ukampata mgeni sikioni. Mgeni akapiga kelele. Ya pili ikafuata. Mimi nilifumba macho nikalingoja korongo.

Halikuja. Gari halikuyumba. Lilipunguza mwendo kidogo kidogo, likasogea upande wa mlima, likasimama kwa ulaini kiasi kwamba chupa zilizobaki hazikugongana. Alfredi alizima injini, akashuka, akaweka jiwe mbele ya gurudumu. Alifungua vizibo vyote kimoja kimoja, akiwa amefunika mkono kwa tambara, na vikatoa pumzi kama watu waliochoka. Kisha akaja upande wangu. Alinitoa kipande cha kioo kwenye khanga. Tulikuwa peke yetu. Mgeni alikuwa anajikung'uta mbali kidogo.

"Mama Theodora."

"Nipo."

Akaniinamia, akafungua kinywa karibu na uso wangu. "Nusa."

Alijua, kumbe. Alijua siku nzima, pengine miaka yote, kwamba kila jioni akiingia ndani huwa namsogelea kana kwamba nampokea mfuko.

Nilinusa. Nilisikia mabibo. Mabibo kwenye shati lake, kwenye kisogo chake, kwenye khanga yangu, kwenye kinywa changu mimi mwenyewe na ndani ya kichwa changu. Dunia nzima ilikuwa inanuka uraka.

"Sijui," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu. "Basi," akasema, akarudi kwenye usukani.

Masasi tuliingia kabla ya giza, milima ya mawe bado ina mwanga juu. Mwalimu Cuthbert alikuwa kibarazani na mkewe. Bwana Emmanuel alishuka akamshukuru, akasema uraka ni mzuri ila hausafiri, na kwamba amepata dereva bora kuliko kinywaji. Akaenda nyumba ya wageni na mizizi yake ya tumbo mkononi.

Mwalimu alilifungua gari. Harufu ikamjia kama mtu anayetoka ndani. Alirudi nyuma hatua, akamtazama Alfredi, shati lake limeganda mgongoni. Alfredi alikuwa ameutoa ufunguo tayari. Alikuwa ameushika mkononi, haupeleki mezani wala haurudishi mfukoni.

"Mama Theodora," Mwalimu akasema. "Wewe ulikuwapo. Uliona."

Hapo ndipo nilipoombwa kile nilichokuwa nakifanya maisha yangu yote, na sikuwa nacho. Nilikuwa nimelala. Nilichokiona mimi ni kona, na gari lisiloyumba, na jiwe lililowekwa mbele ya gurudumu.

"Mwalimu," nikasema, "chupa za mgeni zilipasuka, na Alfredi akatuvusha. Na aliyekunywa humu ni mimi. Nimekunywa Lupaso, nimekunywa kwa mzee Petro, na Newala nililala."

Nilisema hivyo mbele ya mke wa Mwalimu na mbele ya watu waliokuwa wanapita, mimi niliyebatizwa Masasi nikawapeleka kipaimara watoto wangu wote. Mwalimu alishika paji la uso. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, au anasikitika.

"Mpeleke mkeo nyumbani, Alfredi," akasema mwishowe. "Kesho uje mapema uoshe gari."

Ufunguo ukarudi mfukoni.

Tulitembea. Alfredi alinishika kiwiko, kwa kuwa miguu haikuwa yangu. Karibu na nyumbani Anjelina alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua mchicha. Alituona, akasikia harufu kabla hatujafika.

"Jamani, leo nani kamleta nani?" akauliza.

Nilingoja Alfredi aniache pale aingie ndani, kama kawaida yake. Hakuingia. "Nimemleta mimi, dada," akasema. "Nisaidie kumshika upande ule."

Anjelina aliweka ungo chini, akaja kwa mguu wake ule, akanishika upande wa pili. Tukaenda hivyo, wawili tunapepesuka na mmoja amenyooka.

Mtaani waliniita Mama Uraka mpaka mvua zikaja. Kikombe cha Newala sijamuuliza. Asubuhi alikwenda kuosha gari, na jioni aliporudi nilikuwa nakaanga vitumbua. Nilimsikia mlangoni, sikwenda kumpokea mfuko, nikaendelea kukaanga.