Ng'ombe Hana Mkono wa Kuume

"Chapa ya mnyama ni chapa anayotiwa mnyama. Kiswahili hiki hata mtoto anakielewa."

Hayo aliyasema mchungaji wetu madhabahuni, ameinua juu hereni ya njano ya ng'ombe, na kanisa zima likaitika amina. Admin, nifiche jina, lakini hoja yangu usiifiche: huo ni upotoshaji, na unammaliza mama yangu.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto, naishi Buhongwa. Kwa miaka mingi nimefundisha darasa la Biblia la watu wazima katika kanisa hilo hilo, ambalo mama yangu naye anasali. Nimesoma vitabu vya unabii vya kila upande, vya wanaosubiri unyakuo kesho asubuhi na vya wanaosema yote yalishatimia, na nimebishana na wote. Sikudhani ningekuja kusumbuliwa na kineno kimoja, "ya".

Mama ni mjane, anaishi Usagara na mdogo wangu anayechunga mifugo ya familia. Wataalamu wa mifugo walipopita kuvalisha ng'ombe hereni za utambuzi, mdogo wangu aliwapeleka wote, maana alielezwa kwamba asiye na hereni atasumbua kuuzika mnadani. Jumapili iliyofuata ndipo mchungaji akasimama na hereni yake. Akafungua Ufunuo, pale panaposemwa kwamba asiye na chapa hatanunua wala kuuza. "Na ninyi mnadani mmeambiwaje?" akauliza. Watu wakaguna. Nakiri, hapo alipata pa kushika. Mtu aliyeambiwa juzi tu kwamba ng'ombe wake hatauzika bila hereni, akisomewa maneno yale, lazima mwili umsisimke.

Mama akaacha maziwa. Akaacha nyama. Mahindi mapya yalipoingia akakataa na ugali, kwa sababu shamba lililimwa na maksai wenye hereni. Sasa anakula michembe ya mwaka jana tu, viazi vitamu vilivyokaushwa kabla hereni hazijafika, na maji ya moto. Mdogo wangu akanipigia simu: "Kaka, njoo. Mama amebaki macho."

Nikamkuta anachambua michembe kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula huko kwako?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Si hiki nakula, huoni?"

"Na michembe ikiisha?"

"Mungu ataniita kabla haijaisha."

Nilimweleza kila kitu. Kwamba mnyama wa Ufunuo ni utawala unaodai kuabudiwa kama Mungu, na maneno yale waliandikiwa Wakristo walioteswa na watawala wa Rumi. Kwamba wanaotiwa chapa ni watu, kwenye paji la uso au mkono wa kuume. Ng'ombe hana mkono wa kuume, na sijaona ng'ombe akimwabudu mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe unajua maneno, mwanangu. Mimi naogopa moto."

Jumapili nikaamua kummaliza mchungaji. Ibada imeisha, watu wanasalimiana nje, mama naye yupo. Nikamuuliza kwa sauti:

"Mchungaji, fimbo ya mchungaji ni ipi?"

"Ni ile anayoshika mchungaji, Mwalimu. Umeanza kusahau?"

"Siyo ile anayochapwa mchungaji?"

Akina mama wa kwaya wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Jamani, leo mchungaji kachapwa!" Nikaendelea: "Basi na chapa ya mnyama ni ile aliyonayo mnyama, anayowatia watu. Kwa Kiswahili hiki hiki cha mtoto." Vijana wakapiga makofi. Nilishinda. Nasema bila aibu, nilishinda kabisa.

Mama akajitanda kanga yake akaondoka bila kunitazama. Tangu siku hiyo nikimwamkia hanijibu. Nasema shikamoo, anageukia ukutani. Mdogo wangu anasema mama anaamini nimemdhihaki mtumishi wa Mungu, na atakayeniitikia atashiriki dhambi yangu.

Wiki hii mchungaji amemtuma mzee wa kanisa kwangu. Yuko tayari kwenda kumwombea mama chakula chake ili ale bila hofu, kwa sharti kwamba nisimame mbele ya kanisa niseme tafsiri yake ndiyo sahihi na mimi nilipotoka.

Nikamuuliza mzee, "Kwa hiyo anajua kwamba chakula hakina tatizo?"

Akacheka kidogo. "Na wewe Mwalimu! Kubali yaishe. Mama yako anakonda."

Hapo ndipo damu inanichemka. Mke wangu anasema nikubali, maneno ni maneno, mama ni mmoja. Lakini pale kanisani kuna bibi wawili walioacha maziwa kama mama, wakaanza kuyanywa tena baada ya siku ile ya fimbo. Nikisimama na kujikana, nitakuwa nimewanyang'anya kikombe kwa mdomo wangu mwenyewe. Na gunia la michembe linakaribia kuisha.

Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini: nikadanganye madhabahuni ili mama ale, au nishikilie ukweli nikiwa namtazama anaisha?

Na ninyi wachungaji wa Usagara, Buhongwa na Buswelu mnaopita humu kimyakimya bila kukomenti: msinitumie mistari, ninayo. Yeyote kati yenu anayejua kwamba mwenzenu amekosea, na najua mpo, amwombe admin namba yangu nimwelekeze nyumbani. Aende kwa mama yangu amevaa kola yake, aombe kikombe cha maziwa ya ng'ombe mwenye hereni, akinywe mbele yake mpaka kiishe. Nendeni kesho. Mimi hanisikii tena. Ninyi bado anawaogopa.