Dada Anjela Hali Nyama

Dada yangu Anjela hali nyama. Hali maharage wala mayai, na maziwa anayatazama kama mtu aliyemtukana. Watu wakisikia hivyo wanadhani kaingia Usabato, au kayasoma kwenye simu. Wala. Alizaliwa hivyo kwetu Kalenga, Iringa, na mimi niliyemfuata ndiye niliyenenepa.

Nyumbani nyama ilikuwa ya Krismasi na Pasaka. Mama alipakua kwa haki, kila mtoto na kipande chake, kisha akasimama pale pale kutusimamia. Anjela ananifinya chini ya meza, nafungua kiganja, kipande kinahamia kwangu, mchuzi unanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kila gauni langu la sikukuu lilikuwa na madoa. Yeye alikula ugali wake kwa majani ya maboga, akashiba, akaanza kututania sisi walafi. Siku wakimlazimisha nyama, alitapika na kushinda kitandani kichwa kikimgonga. Baba akachoka ugomvi, akasema, "Mwacheni mbuzi wangu ale majani." Naikumbuka sana meza ile, na moshi wa jikoni uliotutoa machozi tukiwa tunacheka. Leo nala nyama nikitaka, lakini sijapata tena yenye utamu ule.

Akaolewa Mbalizi, kwa Wanyakyusa, watu wenye ukarimu usio na breki. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kiume, mzima kabisa, akanyonya. Baada ya siku mbili tatu akaanza kulegea, akalala usingizi usioamshika, tukamzika. Wa pili, wa kiume tena, akaondoka vile vile. Maneno yalisemwa, na mimi niliyasikia, na waliosema wengine bado siwasalimii.

Ndipo akaja Tusajigwe, wa kike, akaishi. Mama mkwe kwa furaha akachinja kuku mmoja baada ya mwingine. Mzazi sharti anywe supu maziwa yatoke, na mkwe akikuletea bakuli kwa mikono miwili, unaanzaje kukataa? Anjela akanywa. Haikupita muda akawa anaongea hovyo, hata mumewe hamtambui. Wakasema malaria imempanda kichwani. Mama yetu akaja kutoka Iringa, akalitazama lile bakuli, akalitoa nje.

"Mwanangu halagi hivi," alisema.

Akampikia uji mwembamba wa sukari, akawa anamnywesha kwa kijiko kama mtoto mchanga. Taratibu Anjela akarudi akili zake. Kwa nini, hakuna aliyejua, hata Mama mwenyewe.

Tumekuja kujua juzi juzi tu. Tusajigwe alipata mimba, wakamwambia ni wa kiume. Kliniki huko Mbeya mjini akawasimulia habari za mama yake na kaka zake wawili, wakampeleka kwa daktari wa watoto, Hanifa. Damu ya Tusajigwe na ya Anjela zikasafirishwa nje ya nchi. Majibu yalipokuja, daktari akatuita wote watatu, Tusajigwe, Anjela na mimi.

Akatueleza kwamba kuna watu wanaozaliwa na mwili usioweza kumaliza kazi ya kuchakata protini. Mabaki yake yanageuka sumu, sumu inapanda kwenye ubongo. Mama anaubeba ugonjwa huo bila kujua. Mtoto wa kike anaweza kuishi nao, hasa akivikimbia vyakula vya protini kama nyama. Wa kiume akiurithi, unamwangusha siku zile zile za kwanza.

"Mchanga anaipata wapi hiyo protini?" nikauliza.

"Kwenye maziwa, mama."

"Hata ya mama yake?" Anjela akauliza.

"Hata hayo."



Mtoto alipozaliwa hakuwekwa ziwani. Walimtundikia dripu ya sukari, wakawa wanampima damu, wanampima tena, nasi tumekaa kwenye benchi. Nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mwishowe Hanifa akatoka. Sumu haikuwa imepanda hata kidogo. Wangeendelea kumwangalia, lakini kwa kila dalili hakuurithi.

"Anyonye," akasema.

Nilipiga vigelegele mpaka muuguzi akanikaripia, na sikumjali. Tukaingia. Tusajigwe akampakata mwanawe, yule mtoto akalidaka ziwa kwa pupa, anameza mpaka tunasikia. Nikamgeukia dada yangu tufurahi pamoja.

Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono kifuani.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "yule wa kwanza nilidhani alikufa kwa njaa, maana alilegea akaacha kunyonya. Wa pili nikajiapiza huyu hatakufa hivyo. Kila akiachia ziwa, nilimfungua mdomo nikamkamulia."

Nikamshika mkono.